Waliosema "Ndio Mzee" Ni Sisi

Nimechoka kusikia watu wa rika langu wakisema Professor Jay alituangusha. Nimechoka pia kusikia vijana wakisema nyimbo za siasa hazijawahi kubadilisha chochote nchi hii. Nayasikia yote mawili kila wiki kwenye kijiwe cha kahawa hapa Majengo, Mpanda, na kwa miaka mingi nimekuwa nanyamaza, namaliza kikombe changu, nalipa, naondoka. Safari hii sinyamazi.

Ubishi wa mwisho ulianzishwa na kijana wa bodaboda. Alikuwa anasubiri abiria, akafungulia "Ndio Mzee" kwenye simu yake. Wimbo wenyewe una zaidi ya miaka ishirini, na yeye sidhani kama amefika ishirini na tano. Fundi cherehani wa barazani akaacha kukanyaga mashine. "Huo ndio muziki," akasema, "siyo hizi kelele zenu." Mwalimu mstaafu akamkata: muziki gani, wakati huyo mwimbaji naye alikwenda bungeni akakaa na wale wale aliowasema? Muuza kahawa akasema yeye hayamhusu, muziki ni starehe, siasa ina wenyewe. Kijana akahitimisha akiwa ameshapanda pikipiki: "Sasa mzee, kaimba, mmecheka, na maisha yako pale pale. Faida yake nini?"

Hayo ni maoni manne, na ukikaa kwenye kijiwe chochote cha mkoa huu wa Katavi utayasikia hayo hayo kwa sauti tofauti. Nitayajibu yote. Lakini kwanza niseme wimbo ulitufikiaje, maana wasiokuwepo wanadhani ulikuwa utani wa redioni tu.

"Ndio Mzee" ilitoka 2001, ikiwa ndani ya albamu ya Machozi Jasho na Damu. Professor Jay, yaani Joseph Haule, alikuwa ametokea kundi la Hard Blasters, na wimbo ulitengenezwa na P-Funk Majani, Bongo Records. Kabla yake Sugu alikwishafungua njia kwa "Hali Halisi". Kwa hiyo Jay hakuwa wa kwanza kuisema nchi kwa mdomo wa kufokafoka. Alichofanya yeye ni kuingia ndani ya ngozi ya mwanasiasa. Wimbo mzima ni mkutano wa hadhara. Mgombea anasimama, anaahidi, ahadi zinapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka zinafika mahali hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuziamini. Na kila anapotulia, umati unamwitikia.

Mwaka huo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja 2012. Barabara ya Tabora ilikuwa ya vumbi, na wakati wa masika ya tope. Tegemeo letu lilikuwa treni, ile njia inayochepuka Kaliua, iliyojengwa na Waingereza kwa kufuata madini ya risasi. Kaseti ya Machozi Jasho na Damu iliingia kijijini kwetu kwa treni hiyo, ndani ya mfuko wa mjomba wangu aliyekwenda Tabora kuuza mchele. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kaseti haikuwa na jalada, na jina la albamu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino na kukosewa.

Tuliisikiliza mpaka ikaanza kujikunja. Umeme haukuwepo. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati la jirani, maana kwetu paa lilikuwa la nyasi, tukapata nusu saa nyingine. Kurudisha nyuma tulizungusha kwa kalamu ya Bic, ili betri zitumike kwa wimbo tu. Nataka msomaji alielewe hilo: watu wasio na pesa ya chumvi walinunua betri kwa ajili ya albamu hii. Ndiyo maana siwezi kukubali mtu aniambie hatukuipenda. Tuliipenda mno. Ninachodai mimi ni kwamba tuliipenda bila kuisikia.

Nitatoa ushahidi, na shahidi ni mimi.

Mwaka 2005 ulikuwa wa uchaguzi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nikawa naitwa kuandika mihtasari ya mikutano ya kijiji. Siku moja akaja mgombea. Jina na chama chake nayaacha, maana mikutano ya aina hiyo ilikuwa mingi na yote ilifanana. Kabla hajafika, ilitangulia pikapu yenye spika mbili kubwa, ili watu wakusanyike. Wimbo uliopigwa ulikuwa "Ndio Mzee".

Sitanii. Na watu walikusanyika kweli. Akina mama waliweka majembe chini, watoto walikuja mbio. Mgombea aliposhuka kwenye gari aliukuta wimbo katikati, akacheza. Alijua kucheza. Tukampigia makofi na vigelegele. Halafu spika zikazimwa, akapewa kipaza sauti, akaahidi zahanati. Akasema kazi yetu ni ndogo tu: tufyatue matofali, tujenge boma, tulifikishe usawa wa lenta, na bati na dawa zitakuja. Akauliza, "Tumeelewana?" Tukaitikia wote kwa pamoja.

Nami niliitikia. Nilikuwa nimesimama karibu na pikapu, daftari mkononi, mistari yote ya wimbo ule nikiijua kwa kichwa, na nikaitikia kwa nguvu kuliko wengi.

Baada ya uchaguzi ukaitwa mkutano wa kijiji. Kila kaya ilitakiwa itoe shilingi 2,000 na tofali hamsini. Bibi yangu hakuwa na pesa, akauza jogoo. Hakuna aliyeuliza pesa zitatunzwa na nani, wala hizo bati zitafika lini, wala nani atasaini kuzipokea. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Naukumbuka mstari wake wa mwisho kwa sababu niliuandika kwa mkono wangu na kuupigia mstari chini: "Wananchi wote waliafiki."

Boma lilifika usawa wa lenta likasimama hapo. Bati hazikuja. Mwaka uliofuata dada yangu alishikwa na uchungu usiku, akapakiwa kwenye baiskeli kwenda mjini, na mtoto hakufika hai. Sisemi zahanati ingemwokoa. Huenda isingemwokoa. Nasema tu kwamba njia ya kwenda mjini inapita kando ya lile boma, na dada yangu alipita hapo akiwa amekaa kwenye kerea, na mimi nilikuwa nasukuma.

Ilinichukua miaka mingine mingi kuliona jambo ambalo mtoto angeliona siku ya kwanza. Hebu tazama jina la wimbo. "Ndio Mzee" si maneno ya mwanasiasa. Mwanasiasa ana mashairi yake, marefu, yenye kuchekesha. Jina la wimbo ni maneno ya umati, ni kiitikio. Jay angeweza kuuita wimbo kwa jina la mgombea, au kwa ahadi mojawapo. Aliuita kwa jibu letu. Alitunga wimbo juu ya watu wanaoitikia kila kitu, sisi tukauchukua, tukawa tunaitikia, huku tunacheka tukidhani anayechekwa ni yule mwenye kipaza sauti.

Sasa narudi kijiweni.

Mwalimu wangu, nakuheshimu, lakini hoja yako haina miguu. Ni kweli Professor Jay aligombea 2015 akawa mbunge wa Mikumi, akakosa 2020. Ni kweli Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010 mpaka 2020. Katikati ya ubunge huo, 2018, Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno yaliyohesabiwa kuwa ya kumfedhehesha Rais, kwa hiyo tusiseme wote walikwenda kula tu. Kama Jay alikuwa mbunge mzuri au mbaya, waulizwe watu wa Mikumi. Mimi swali langu ni jingine. Kujumlisha ulikotufundisha darasani kunageuka kuwa kosa siku ukihamia idara nyingine? Wimbo ulisema kweli juu yetu 2001. Mwimbaji angeweza kuwa mbunge, padri au muuza mitumba, na ile kweli ingebaki ilivyo. Tunapenda kumjadili mwimbaji kwa sababu tukimaliza kumjadili yeye, hakuna muda wa kujijadili wenyewe.

Kaka muuza kahawa, wewe unasema muziki ni starehe. Na mimi nasema ni starehe. Hakuna mtu angeanika betri juani kwa ajili ya hotuba. Starehe ndiyo iliyoileta ile kaseti kutoka Tabora. Kosa letu linaanza pale tunapoamua kwamba midundo ni yetu na maneno ni ya wengine. Tena si sisi peke yetu. Marekani kuna bendi inaitwa Rage Against the Machine, watu wa kufokafoka juu ya magitaa mazito ya metali. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1992, na hakuna wanachokificha: wanaimba dhidi ya wenye mali na wenye mamlaka wanaowakandamiza wanyonge. Mwaka 2012 Paul Ryan, mgombea mwenza wa urais kwa chama cha Republican, alijulikana kuwa mpenzi wa bendi hiyo. Mpiga gitaa wao, Tom Morello, aliandika kwamba huyo bwana ndiye mashine yenyewe wanayoipigia kelele. Ryan alikwishaeleza kuwa yeye anapenda mlio, siyo maneno.

Unaweza kumcheka Ryan. Mimi nilimcheka, mpaka nilipomkumbuka mgombea wetu akicheza kando ya pikapu. Halafu nikaona Ryan ana afadhali kuliko mimi. Yeye alikiri kwamba maneno hayataki. Mimi nilidai nayapenda maneno, nikayaimba yote, kisha nikaandika "wananchi wote waliafiki".

Fundi, wewe wasema zamani ndiyo kulikuwa na muziki, sasa ni kelele. Hapo ndipo unaponiuma zaidi, kwa kuwa na mimi huwa natamani kusema hivyo. Lakini tukumbuke 2017. Nay wa Mitego alitoa "Wapo" akakamatwa Machi 26, na Baraza la Sanaa likaufungia wimbo. Kesho yake waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kuwa Rais Magufuli ameupenda, ameagiza mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe, na amemshauri aongeze na makundi mengine ya kuwasema, wakwepa kodi wakiwemo. Unakumbuka tulivyoshangilia hapa? Wewe mwenyewe ulisema, "Huyu ndiye rais." Hakuna aliyeuliza imekuwaje mtu akamatwe kwa kuimba, wala kwa nini ruhusa ya sisi kusikiliza wimbo itoke kwa mtu mmoja na si kwa sheria. Tuliitikia tu.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili, Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio ya Tongwe Records, Dar es Salaam, wakaonekana baada ya siku tatu. Kijiweni hapa sauti zilishuka. Nakumbuka maneno mawili tu. Mmoja alisema, "Alijitakia." Mwingine alisema, "Ongeeni mengine." Aliyesema "ongeeni mengine" ni mimi.

Kwa hiyo, fundi, kelele si tatizo, na vijana si tatizo. Wapo waliosema na wakalipa kwa kusema. Sisi tunaipenda albamu ya 2001 kwa sababu imezeeka. Wimbo wa zamani haukudai chochote. Unaweza kuusikiliza ukiwa umekaa, ukatikisa kichwa, ukasema enzi zile, ukaendelea kushona. Wimbo wa leo unamtaja mtu ambaye bado yuko ofisini, na ukiutikisia kichwa kuna atakayekuona.

Na wewe kijana wa bodaboda, nimekuacha wa mwisho kwa kuwa uko karibu na ukweli kuliko sote. Unasema hakuna kilichobadilika. Ni sawa. Boma bado lipo pale. Ndani yake umeota mti wa mpera, na mbuzi wanalala humo mvua ikinyesha, ingawa juu kuko wazi. Lakini unapouliza faida ya wimbo ni nini, unauliza kwa mtu asiyehusika. Wimbo hauezeki zahanati. Wimbo ni kama yule mtoto anayekwambia mbele za watu kwamba shati lako limechanika mgongoni. Ukicheka naye ukaendelea na safari, usije ukasema yule mtoto hakuwa na faida.

Ungeniuliza swali jingine, ningekujibu vizuri zaidi: baada ya kusikia, tulitakiwa tufanye nini? Hilo lina jibu, na wala si la kishujaa. Halihitaji maandamano wala studio. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Ni haki ya mtu yeyote mzima kijijini kunyanyua mkono na kuuliza. Kama mwaka 2005 mtu mmoja tu angenyanyua mkono akasema, "Mwenyekiti, kabla hatujaafiki, hizo bati zinatoka fungu gani na zitafika mwezi gani?", huenda jibu lingekuwa la uongo. Lakini ningelazimika kuliandika kwenye muhtasari, na mwaka uliofuata kungekuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu. Sikuandika kwa sababu hakuna aliyeuliza, na mmoja wa wasiouliza alikuwa na kalamu mkononi.

Kuna watakaosema namtwisha mnyonge mzigo wa mwenye nguvu. Wataniambia mgombea ndiye aliyedanganya, pesa kaziharibu mwingine, na leo namlaumu bibi yangu aliyeuza jogoo. Hapana. Mwongo ni mwongo, na laana yake iko pale pale. Bibi yangu alikuwa na haki ya kuamini. Ninaowalaumu ni sisi tuliokuwa na kaseti. Sisi tulionywa. Tulipewa mkutano ule wote, kuanzia salamu mpaka makofi, miaka minne kabla haujafanyika, ukiwa na mdundo mzuri, na tuliukariri. Mtu aliyekariri onyo hawezi kusema hakuambiwa.

Mwezi wa nane mwaka jana nilirudi kijijini, nikakuta mkutano. Ajenda ilikuwa michango ya vyumba vya madarasa. Mwenyekiti ni kijana niliyemzidi miaka kumi, mtu mwema, sina ugomvi naye. Alipouliza kama tumeafiki, niliinua mkono. Niliuliza michango ya zahanati ya 2005 iliishia wapi, na kama muhtasari wake upo ofisini, kwa kuwa niliuandika mimi. Watu waligeuka kunitazama. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Mwanangu, mambo ya zamani hayo." Mtendaji akasema daftari la miaka hiyo litatafutwa, majibu yatatolewa mkutano ujao. Mwenyekiti akauliza kama hilo limeafikiwa, umati ukaitikia. Mimi nikamwomba aandike tarehe. Akaandika.

Tarehe ile ilipofika, mkutano ukaahirishwa. Umepangwa tena wiki ijayo, Jumatano, saa nne asubuhi. Nimeshaongea na yule kijana wa bodaboda anipeleke. Tumeelewana bei ya kwenda na kurudi, akasema ataningoja nje kwenye kivuli cha mwembe, asikilize muziki wake. Nimemwambia hapana, aingie ndani na mimi. Hakukubali wala hakukataa. Alisema tutaona hiyo Jumatano.